Magufa na Mguu wa Shangazi

Mlio wenyewe ni wa kijinga, kama mtu aliyemwaga vijiko kwenye sinia, lakini nilipousikia nikiwa jikoni niliacha kumenya ndizi nikasimama na kisu mkononi. Zuhura alikuwa amekuja Kayanga kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, akapitia kwangu kunijulia hali, na kitinda mimba wake alikuwa amejilaza kwenye kochi langu na simu ya mama yake, viatu miguuni, kana kwamba nyumba ni ya baba yake. Ndani ya simu kulikuwa na gemu ya kijitu kinachokimbia na kurukaruka juu ya kuta za ngome, na kwenye korido ya ngome hiyo mifupa mitupu ilikuwa ikitembea, kwenda na kurudi. Mtoto akaikanyaga. Ikamwagika. Zuhura, ambaye siku hizi amenenepa na anavaa miwani, alinitazama, nami nikamtazama, tukasema kwa pamoja, "Magufa!" Tulicheka mpaka mtoto akatoka nje na simu yake akidhani tunamcheka yeye. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, na tulikuwa tumeanza mazungumzo kwa adabu za watu wazima: habari za watoto, habari za presha. Baada ya Magufa tulirudi Murongo, kwenye mwaka ule mmoja, na hatukutoka huko mpaka chakula kikapoa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba na jina langu halikutoka kwenye waliochaguliwa. Nilitolewa Nyakakika nikapelekwa Murongo kumsaidia shangazi yangu Asteria, aliyekuwa na mgahawa karibu na daraja la kuvukia kwenda Uganda. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ni sehemu ya Karagwe, na Murongo kwangu ilikuwa mwisho wa dunia, maana zaidi ya pale watu walikuwa wanatumia pesa nyingine. Mgahawa ulikuwa chumba kimoja chenye mabenchi manne, meza zilizotandikwa plastiki ya maua, na dirisha lililotazama barabara. Nyuma kulikuwa na jiko la kuni, na nyuma ya jiko chumba tulicholala mimi na Shangazi. Asubuhi ilikuwa chai ya maziwa na chapati. Mchana ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, chakula ambacho madereva wa malori walikuwa wanakiulizia kabla hawajazima injini. Nilijifunza mambo mengi nikiwa nimeshika kitambaa cha kufutia meza: nani forodhani anapenda kuamkiwa kwanza, sabuni ya upande gani imeshuka bei, mwendesha bodaboda gani ana wake wawili wasiojuana, mmoja huku na mmoja ng'ambo. Shangazi alisikia yote na kujibu yote, akiwa ndani ama nje, kwa sauti iliyotosha kwa pande zote mbili za mto. Hakuwa mtu wa kutembea. Alikuwa anakwenda mbio hata akiwa anafuata chumvi.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mzee Masudi, baba yake Zuhura. Babu zake walitoka Tanga na yeye mwenyewe alizaliwa Bukoba, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado cha pwani, kimenyooka, na sisi wengine, tuliokuwa tunaongea Kinyambo nyumbani, tuliona haya kidogo kumjibu. Mbele aliuza vitenge. Nyuma, kwenye chumba kilichokuwa stoo, aliweka televisheni, jenereta na mashine ya gemu iliyovuka daraja kutoka Kampala ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Vijana walilipa kwa zamu, Zuhura akiwa msimamizi, naye hakuwa na huruma: zamu yako ikiisha, hata kama umebakiza hatua moja ufike mwisho, alikunyang'anya pedi ya kuchezea. Mimi nilipeleka chai na maandazi jioni, nikawa nachelewa kurudi na sinia kwa sababu ya yule mtembezi wa kwenye korido. Vijana walimwita Magufa, yaani mifupa kwa lugha ya nyumbani. Walimchukia. Maadui wengine ukiwakanyaga wanakufa, basi, mambo yanaendelea. Magufa ukimkanyaga anamwagika, fuvu linabaki juu ya rundo, halafu baada ya muda mifupa inajikusanya, naye anaendelea na safari yake kana kwamba hujamfanya kitu. Zuhura alimpenda sana. Alisema ndiye pekee mle ndani mwenye shughuli zake.

Shangazi alivunjika mguu msimu wa mvua. Alikuwa anashuka mteremko wa nyuma na mkungu wa ndizi kichwani, udongo ukamtelezesha, na mkungu ukatangulia kufika chini kuliko yeye. Mfupa wa muundi ulikatika, tukausikia. Mzee Masudi alitaka akodi gari la kwenda hospitali, lakini Shangazi, akiwa amelala kwenye matope, aliwahi kusema hapana. Alisema plasta ni ukuta, na huwezi kuuliza ukuta mguu unaendeleaje huko ndani. Akaagiza aitwe Ta Kaijage, muunga mifupa wa Kiruruma. Ta ni heshima yetu kwa wanaume wazima, na yule alistahili. Aliletwa na gari la mizigo, amevaa koti la suti na hana viatu, akanawa mikono muda mrefu sana kabla ya kumgusa mgonjwa. Alimkanda Shangazi kwa maji ya moto na samli, akanyoosha mfupa huku Zuhura na mimi tumemshika mabega, akaufunga kwa vibanzi vya matete na kamba za mgomba. Kisha akaomba kuku. Nilimletea mtetea mwekundu. Ta Kaijage akamvunja mguu wa kulia, palepale alipovunjika Shangazi, akamfunga vibanzi vidogo kwa kamba ileile, akamweka pembeni ya kitanda ndani ya boksi la sabuni.

"Asteria," alisema, "huyu ndiye atakayekuambia. Siku ukimwona amekanyaga chini akatembea, na wewe kanyaga, utatembea. Kabla ya hapo usinijaribie."

Nikiwasimulia wenzangu hospitalini wananicheka, kisha wanataka niwasimulie tena. Mimi siku hizi kazi yangu ni hiyohiyo, kuwasimamisha watu waliovunjika, na nina cheti cha kuonyesha, lakini sijawahi kupata kifaa ambacho mgonjwa alikiamini kama Shangazi alivyomwamini yule kuku. Asubuhi nilipomwambia "Shikamoo Shangazi," alijibu "Kuku kaamkaje?" Kuku alikula wali uliopozwa. Kuku aliwekewa maji kwenye kikombe chenye maua ambacho mimi nilikatazwa. Wateja wakiingia waliuliza hali ya wagonjwa wetu, wote wawili. Mimi nilipika, na nilipika vibaya, ndizi mbichi katikati na maharage yasiyo na chumvi, lakini watu walikula kwa sababu Shangazi alikuwa anawasimamia kwa sauti kutoka chumbani. Wiki zikapita. Yule mtetea akaanza kuegemea mguu wake, kwanza ncha ya kidole, halafu anauinua, halafu anaushusha tena, na Shangazi alimtazama muda wote huo kama mtu anayesubiri sufuria ichemke.

Ndipo akaja mgeni. Hajati Sauda alikuwa mfanyabiashara wa ng'ambo ya daraja, rafiki yake Shangazi tangu ujana wao, na alivuka na kapu la mananasi kuja kumwona mgonjwa. Kwetu mgeni wa namna hiyo hali maharage. Tulimpa kwanza kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kama ilivyo desturi, na Shangazi akaagiza kuku mweupe achinjwe, yule mzururaji aliyekuwa anatuchafulia jiko. Mgeni alikuwa Mwislamu, kwa hiyo ilibidi achinje Mwislamu, kwa hiyo akaitwa Mzee Masudi. Mimi nilikuwa nimetumwa sokoni kununua mchele. Boksi la sabuni lilikuwa limetolewa nje. Shangazi mwenyewe alisema mtetea akapate jua ili chumbani pafagiwe. Mzee Masudi alikuja mbio na kisu, jenereta likinguruma nyuma yake na vijana wakigombana, akatazama uani. Kulikuwa na kuku kadhaa wanakimbia, na mmoja aliyekaa kwa utulivu ndani ya boksi, amefungwa mguu. Sasa wewe niambie. Kuku aliyefungwa kamba mguuni siku ya mgeni, katika nyumba yoyote unayoijua, ni kuku wa nini? Alimchukua, akasoma bismillahi, akamchinja, akamkabidhi Zuhura manyoya na maji ya moto, naye Zuhura akanyonyoa akidhani ni amri ya Shangazi, mzee akarudi kwenye gemu yake.

Niliporudi na mchele niliona kuku amekwisha kuingia sufuriani, na mimi, nikijua aliyeagizwa ni mweupe, nilishukuru tu kwamba kazi imefanyika. Ulikuwa mchuzi mzuri, tena wa nazi ambayo Mzee Masudi aliichangia. Hajati alikula, Shangazi alikula akiwa ameegemea mto, wakacheka habari za zamani za magendo ya vitenge, namna walivyovaa nguo nyingi moja juu ya nyingine mpaka wakashindwa kukaa. Kisha Shangazi akanyamaza. Alikuwa ameshika mfupa wa paja la chini, ameshausafisha, na katikati yake pana kinundu. Aliupapasa kwa kidole gumba. Akauweka kwenye sahani taratibu sana.

"Koku," aliniita. "Kuku wangu yuko wapi?"

Niligeuka kutazama nje. Uani yule mweupe alikuwa anaparura majivu.

"Mawe!" alisema Shangazi, yaani mama wee kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo. "Nimeula mguu wangu mwenyewe."

Leo najua kinundu kile ni nini. Ni mfupa unaposhikana. Ukivunjika na kupona unaacha fundo, na mimi nikiliona kwenye picha za wagonjwa wangu nafurahi. Ile ilikuwa habari njema kuliko zote ambazo yule kuku angeweza kutoa, na ilimfikia Shangazi kwenye sahani. Lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia, na hata angekuwepo, asingesikilizwa. Alichojua Shangazi ni kwamba kuku hakutembea. Aligeukia ukutani, na mgeni akaondoka bila kumaliza kahawa yake.

Mzee Masudi alikuja kila siku. Alileta halua, alileta tende, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Dada Asteria, wallahi sikujua. Nimemkuta kafungwa, nikajua ndiye." Na Shangazi alimjibu akiwa ametazama ukuta, "Baba Zuhura, sikulaumu. Umenichinja mguu, lakini sikulaumu." Ta Kaijage alipokuja kufungua vibanzi alikuta ngozi imenywea na imekuwa nyeupe, mguu umepungua kama wa mtoto, lakini mfupa umenyooka. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema umeshika. Shangazi akamwambia yaliyotokea. Mzee yule akasema kuku wa pili havunjwi. Mguu ni mmoja na kuku ni mmoja, ndivyo alivyofundishwa. "Lakini mimi nakuambia umepona. Simama."

"Waitu, Ta Kaijage, wewe si kuku," alisema Shangazi, kwa lile neno letu la kumbembeleza mtu.

Alijaribu, kwa heshima yake. Tulimshika kwapani, akashusha unyayo sakafuni, akauwekea uzito kidogo, na mguu ukaanza kutetemeka kuanzia goti hadi kidole. Akakaa haraka. "Umeona? Mguu uliopona hautetemeki." Ta Kaijage alivaa koti lake. Aliniita nje akanieleza bila kuficha: mguu usiokanyaga unakauka, na ukishakauka haurudi, asiposimama mvua hizi zikiwa bado zinanyesha, hatasimama tena. Nilirudi jikoni nikalia juu ya vitunguu ili nipate kisingizio. Mwenye jengo alikuwa ameshaanza kumleta mtu mwingine kuutazama mgahawa. Lakini si hilo lililoniliza. Nililia kwa sababu Shangazi alikuwa ameacha kupiga kelele. Wateja waliingia wakala ndizi zangu mbichi wakatoka, na hakuna aliyekaripiwa.

Nina mgonjwa, mzee mmoja wa Kyerwa, aliyeniambia juzi tu nilipomwonyesha picha ya mfupa wake uliopona, "Binti, picha ni yako, mguu ni wangu." Sikubishana naye. Mtu haambiwi kwamba amepona. Inabidi aone kwa mtu mwingine, na si lazima mtu huyo awe na nyama.

Nilianza kumsimulia Shangazi habari za Magufa siku moja mchana nikimlisha uji, na sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nataka tu kuongea, maana chumba kilikuwa kimya mno. Nikamwambia kwa Mzee Masudi kuna mtu ambaye ni mifupa mitupu, anavunjika vipande vyote, na anajiunga.

"Anaungwa na nani?" aliuliza akiwa bado ameelekea ukutani.

"Hakuna."

"Anapakwa samli?"

"Hapakwi kitu, Shangazi."

"Na kuku wake?"

"Hana kuku."

 Akageuka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, akanitazama kwa jicho lile la zamani la kukagua hesabu ya chapati. "Wewe mtoto ni mwongo," alisema. "Nenda kamwite Baba Zuhura anipeleke nikakuumbue."

Mzee Masudi alimpandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaikokota mwenyewe, ingawa safari yenyewe ilikuwa ni kuuzunguka ukuta tu. Zuhura alifukuza vijana watatu kwenye benchi la mbele, Shangazi akakalishwa na mguu wake umenyooshwa juu ya gunia la vitenge. Aliyekuwa anacheza ni Deo, kijana ambaye wazazi wake walitoka Burundi na wote walikuwa vibarua kwenye shamba la kahawa. Alikuja siku ambazo hakuna kazi, na kwenye pedi hakuwa na mpinzani. Alimwamkia Shangazi bila kuondoa macho kwenye televisheni. Kijitu kikakimbia, kikaruka moto, kikaingia koridoni. Magufa akaja, taratibu, na shughuli zake.

"Ndiye huyo?" aliuliza Shangazi. "Mbona amekonda hivi?"

Deo akamkanyaga. Mifupa ikamwagika na ule mlio wake wa vijiko, na Shangazi akapiga kelele iliyozima jenereta masikioni mwetu. "Wewe! Mtu anatembea zake, amekukosea nini?" Deo aligeuka kwa hofu, na kijitu chake, kwa kukosa mwongozo, kikabaki kimesimama. Vijana walitaka kucheka lakini Zuhura aliwakodolea macho. Tulikuwa tunatazama rundo. Ilipita kama pumzi moja ndefu, halafu rundo likaanza kutikisika, fuvu likatikisika, mbavu zikatikisika, yote yanatetemeka kama mtu mwenye malaria, ndipo mifupa ikapanda mmoja juu ya mwingine na Magufa akaondoka.

Shangazi alimfuata kwa macho mpaka mwisho wa korido. Kisha akasema, "Tena."

"Nimkanyage tena, mama?" Deo aliuliza.

"Mkanyage, nione."

Akakanyagwa, akamwagika, akatetemeka, akasimama. Shangazi alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Alimfanya Deo amkanyage mara nyingi, zamu yake ikaisha na Zuhura, kwa mara ya kwanza katika historia ya biashara ile, hakumnyang'anya pedi. Mimi niliona mifupa inayoinuka, jambo nililoliona kila jioni. Shangazi aliona kitu ambacho sisi wote tuliokuwa tunashinda mle hatukuwa tumekiangalia.

"Anatetemeka kwanza," alisema.

Mzee Masudi hakuelewa. "Nani, dada?"

"Huyu. Kila akitaka kusimama, anatetemeka kwanza. Hajawahi kusimama bila kutetemeka." Aliuteremsha mguu wake kutoka kwenye gunia la vitenge, kwa mikono miwili, kama anamshusha mtoto, akauweka sakafuni. Nilimsogelea na Zuhura akamsogelea upande wa pili. "Msinishike. Yule hakushikwa."

Alibonyeza benchi kwa viganja akainuka. Mguu ukaanza palepale, goti, muundi, kisigino, na gauni lake lote likawa linapepea. Sijawahi kuogopa vile, na nimeshuhudia wengi wakisimama tangu siku ile. Uso wake ulikuwa unatiririka jasho, macho yake kwa Magufa, na midomo inasema kitu kwa Kinyambo, polepole, ambacho nilikuja kugundua kuwa ni matusi. Aliuacha mguu utetemeke. Hakuupinga. Ukatetemeka mpaka ukachoka wenyewe, ukatulia, na yeye alikuwa bado yuko wima. Mzee Masudi alikaa chini kwenye gunia akafunika uso kwa kofia. Deo alikuwa ameachia pedi kabisa.

Shangazi akapiga hatua, akatetemeka, akasubiri, akapiga nyingine. Alipita katikati ya mabenchi na vijana wakakunja miguu yao kumpisha. Alitoka mlangoni, kwenye jua la baada ya mvua, akashika ukuta wa Mzee Masudi kisha ukuta wetu, na barabarani waendesha bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria wa daraja walizima pikipiki zao mmoja baada ya mwingine. Kwenye dirisha la mgahawa alisimama, akachungulia ndani, akaona meza ambayo sikuifuta, na akapaza sauti iliyofika ng'ambo: "Koku! Hiki ndicho nilichokufundisha?" Nilikuwa nyuma yake, nalia waziwazi bila kitunguu, mikono yangu nimeinyoosha pande zake mbili bila kumgusa, na hivyo ndivyo ninavyotembea nyuma ya watu mpaka leo.